Taa ya Kupimia, Multimeta au Fungu Jipya la Nyaya? Ulinganisho kwa Mwenye Pikipiki ya Zamani Mjini Goma

Pikipiki iliyokwisha kupita mikononi mwa wenyewe watatu au wanne haipotezi umeme wake kwa siku moja. Leo indiketa ya kushoto inagoma, wiki ijayo honi inakoroma badala ya kulia, kisha jioni moja ya mvua injini inazimika na haitoi tena cheche. Mjini Goma, ambako Honda CG125 na Yamaha AG100 za miaka mingi bado zinabeba watu na mizigo kando ya TVS na Boxer mpya, mwenye chombo cha namna hiyo hukabiliwa na machaguo mawili, na yote yanagharimu: autafute ubovu kwa kifaa gani, na akiisha kuupata, aunge nyaya zilizopo au anunue fungu jipya zima.

Nianze kwa kusema ninakoegemea. Kwa ubovu mwingi wa nyaya, taa ndogo ya kupimia hushinda multimeta (kifaa kinachopima umeme na kuonyesha tarakimu), ingawa bei yake ni ndogo kiasi kwamba wengi huidharau. Multimeta haina mbadala pale tatizo linapokuwa la chaji, au la betri inayoisha usiku pikipiki ikiwa imelala. Fungu jipya la nyaya ni hatua ya mwisho, na mara nyingi kinachohitajika ni sehemu yake ya mbele tu. Kibaya kuliko vyote ni desturi ya kubadilisha vipuri kwa kubahatisha. Fundi anatazama buji isiyo na cheche, anatikisa kichwa, anasema, “Papa, CDI imekufa, ulete ingine.” CDI mpya, yaani kisanduku kinachoamuru cheche, inafungwa na cheche haitoki; inafuata bobini (koili ya cheche), halafu kontakti (swichi ya ufunguo), hadi mwenyewe amenunua nusu ya umeme wa pikipiki kwa sababu ya waya mmoja uliochubuka.

Nyaya huharibikia wapi

Barabara nyingi za mitaani, Ndosho kama Majengo, zimekaa juu ya mawe ya lava, na mtikisiko wake hauishi hata dereva akienda polepole. Waya wa shaba ndani ya pikipiki haukatiki kwa kuvutwa. Hukatika kwa kupinda na kunyooka mara nyingi mno mahali pamoja. Ndiyo maana pa kutazama kwanza ni shingo ya usukani, pale fungu linapojikunja kila usukani unapogeuzwa. Kisha ni ndani ya kikombe cha taa kubwa, ambako fishi nyingi, yaani viunganishi vya nyaya vinavyochomekwa, zimesongamana na maji ya mvua huingia bila kupata njia ya kutoka. Chini ya tangi, ganda la waya husagwa kidogo kidogo dhidi ya fremu mpaka shaba iguse chuma. Na mahali panaposahauliwa kuliko pote ni fishi ya alteneta (mtambo unaozalisha umeme wa pikipiki), karibu na gurudumu dogo la meno linalovuta mnyororo: mafuta, vumbi jeusi na joto la injini hukutana hapo, na plastiki ya fishi hugeuka rangi ya chai kabla haijayeyuka.

Mtu mwenye subira na macho mazuri huweza kuupata ubovu katika sehemu hizo kabla ya kushika kifaa chochote. Geuza usukani kulia na kushoto injini ikiwa inanguruma gia ikiwa huru, tikisa fungu kwa mkono mwingine, sikiliza injini inapokohoa. Hakuna multimeta inayolinganishwa na jaribio hilo kwa ubovu unaokuja na kuondoka.

Kuna pia urithi wa wenyewe waliotangulia: chaja ya simu, taa mbili za LED, redio, honi ya pili yenye sauti ya lori. Kila moja ilipata umeme kwa kuchuna waya wa karibu, kuzungusha mwingine juu yake, na kufunika kwa skochi. Kabla ya kupima lolote, ziondolewe zote. Mara nyingine kazi huishia hapo.

Taa na multimeta bega kwa bega

Taa ya kupimia hutengenezwa kwa balbu ya indiketa ya wati 21, au ya wati 5 kwa kazi nyepesi, na nyaya mbili: mmoja una kibanio chenye meno, mwingine una msumari mwembamba mwishoni. Kibanio hubanwa kwenye ncha hasi ya betri, msumari hugusishwa mahali panapotarajiwa kuwa na umeme, na taa hujibu kwa kuwaka, kuwaka hafifu au kukaa giza. Multimeta hutoa tarakimu: volti, ukinzani kwa omu, na mkondo kwa ampea. Mtu angedhani tarakimu lazima zishinde mwanga wa balbu. Hazishindi daima, na sababu yake ndiyo kiini cha ulinganisho huu.

Multimeta ya kawaida ya tarakimu ina ukinzani wa ndani wa omu milioni 10 hivi. Ikipima volti 12, mkondo inaouvuta ni zaidi kidogo tu ya sehemu moja ya milioni ya ampea, yaani kama hakuna. Balbu ya wati 21 huvuta ampea 1.75. Sasa chukua waya wa taa kubwa inayolishwa na betri, uliokatika nyuzi zake karibu zote pale shingoni, zikabaki nyuzi mbili nyembamba kama unywele, zilizoliwa na kutu, chini ya ganda linaloonekana zima. Chomoa balbu, gusa mwisho wa waya kwa multimeta: itaandika 12.4, na fundi ataapa kwamba umeme umefika, kwamba ubovu uko kwenye balbu. Gusa waya huohuo kwa taa ya kupimia: itawaka wekundu wa makaa yanayozimika, kwa sababu nyuzi mbili zilizoliwa na kutu haziwezi kupitisha mzigo. Multimeta haikusema uongo; iliulizwa swali jepesi mno. Ukipinda waya huo taratibu kati ya vidole hapo shingoni, utahisi sehemu iliyolegea kuliko nyingine, na ukipasua ganda kwa wembe utakuta shaba imekuwa ya kijani na nyeusi.

Kwa sababu hiyohiyo taa za kupimia zenye LED, zinazouzwa kama kalamu, hazina faida hii. LED huwaka kwa mkondo mdogo sana, hivyo hudanganyika kama multimeta. Itafutwe balbu ya kawaida, ile yenye uzi unaowaka.

Hata hivyo multimeta inaweza kuulizwa swali zito, na hapo inarudi na heshima yake. Badala ya kupima kati ya waya na ncha hasi huku balbu imechomolewa, iache balbu mahali pake, iwashe, kisha weka ncha moja ya multimeta kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye fishi ya balbu. Tarakimu inayoonekana ni volti zinazopotea njiani. Chini ya 0.5 njia ni nzuri. Ikiwa ni 1.5 au 2, kuna kiungo kibovu au swichi iliyochakaa, na unaweza kusogeza ncha ya multimeta fishi kwa fishi mpaka uone tarakimu inaporuka. Taa ya kupimia haiwezi kufanya hivyo kwa usahihi. Jicho halitofautishi volti 12 na 11. Na tofauti hiyo si ndogo kwa anayeendesha usiku: kwa balbu ya uzi, volti zikishuka kwa asilimia 10, mwanga hushuka kwa karibu asilimia 30. Taa kubwa inayolalamikiwa kuwa “imezeeka” mara nyingi haina kosa lolote isipokuwa kupewa umeme nusu nusu.

Jaribio hilohilo lifanyike upande wa masi, yaani njia ya kurudi kwenye ncha hasi kupitia fremu na injini. Ncha moja ya multimeta kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, taa zikiwa zimewashwa: zaidi ya 0.2 inatosha kukufanya ufungue skrubu ya masi, usugue kutu na rangi mpaka chuma king'ae, na kukaza upya. Kwa taa ya kupimia jaribio hugeuzwa: kibanio hubanwa kwenye ncha chanya, msumari hugusishwa kwenye waya wa masi, na balbu lazima iwake kwa nguvu zake zote. Pikipiki ambayo indiketa zake hufanya taa ya nyuma ipepese, au honi yake ikilia taa kubwa inafifia, karibu kila mara inaumwa masi. Nimeona watu wakinunua relei ya indiketa mara kadhaa kwa ajili ya skrubu moja yenye kutu.

Panapokuwa na shoti inayounguza fyuzi kila ufunguo unapozungushwa, taa huacha multimeta mbali sana. Toa fyuzi, weka balbu ya wati 21 katikati ya ncha zake mbili, zima taa zote, kisha washa kontakti. Kama waya unagusa fremu mahali fulani, balbu itawaka kikamilifu, na yenyewe ndiyo inayozuia mkondo usizidi ampea mbili, kwa hiyo hakuna kinachoungua. Sasa chomoa fishi moja baada ya nyingine, tikisa fungu chini ya tangi, geuza usukani. Balbu ikizimika au ikififia ghafla, mkono wako uko juu ya ubovu. Kwa multimeta ungepima ukinzani, ungesoma karibu sifuri, na usingejua kama sifuri hiyo ni shoti au ni uzi wa balbu iliyo baridi, ambao nao una ukinzani mdogo sana. Fyuzi zenyewe zisigeuzwe kifaa cha kupimia: kila fyuzi inayochomwa “ili tuone” inapitisha mkondo mkubwa kwenye nyaya ambazo tayari ni dhaifu. Anayeweka kipande cha waya au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi ameamua kwamba waya ndio utakaoungua, tena chini ya tangi la petroli.

Chaji ni ya multimeta

Hapa sina la kusema kwa utetezi wa balbu. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma kati ya 12.6 na 12.8, ikiwa 12.2 imebaki nusu. Chini ya 12 imekwisha. Injini ikinguruma kwa kasi ya kati, ncha za betri zisome takribani 13.5 hadi 14.5. Ikibaki 12.3 bila kupanda, hakuna chaji. Ikipita 15, regulata (kifaa kinachozuia chaji isizidi) imekufa upande wa hatari, na maji ya betri pamoja na balbu vitafuata. Kipimo hiki huchukua muda wa kumaliza kikombe cha chai na humwokoa mtu asinunue betri mpya ambayo itakufa kama ile ya kwanza.

Mkondo unaovuja pikipiki ikiwa imezimwa hupimwa kwa kufungua waya wa ncha hasi na kupitisha multimeta katikati, swichi yake ikiwa kwenye ampea 10. Pikipiki ya zamani isiyo na saa wala kengele ya wezi inapaswa kusoma sifuri au karibu na sifuri. Ikionyesha zaidi, chomoa fishi ya regulata: diodi iliyotoboka ndani yake, ile inayopaswa kupitisha umeme upande mmoja tu, ndiyo mshukiwa wa kwanza. Kontakti isiguswe wakati huo, hasa penye kitufe cha kuwashia injini, kwa kuwa mkondo wa mota ya kuwashia utaangamiza kifaa.

Kuna mtego mmoja unaowanasa hata mafundi wazoefu. Katika pikipiki ndogo nyingi za zamani, taa kubwa hailishwi na betri. Inalishwa moja kwa moja na koili ya alteneta, kwa umeme wa kupishana (AC). Mwanga wake hupanda na kushuka pamoja na injini, na huo si ubovu bali ndivyo ilivyoundwa. Ukiupima kwa multimeta iliyowekwa kwenye umeme wa moja kwa moja (DC) utasoma karibu sifuri na kuhukumu kwamba waya umekatika. Swichi igeuzwe upande wa umeme wa kupishana kwanza. Vivyo hivyo, katika mifumo hiyo mwisho mmoja wa koili umefungwa kwenye masi kwa makusudi, kwa hiyo kukuta koili “inagusa injini” si ushahidi wa kuungua kwake. Katika alteneta zenye nyaya tatu za njano ni kinyume: hakuna hata mmoja unaopaswa kugusa chuma, na ukinzani kati ya wawili wowote unapaswa kufanana.

Kwa cheche, hakuna kati ya vifaa hivi viwili kinachofaa kuingizwa ovyo. CDI hutoa mamia ya volti kwenda kwenye bobini, kiasi cha kuharibu multimeta ya bei nafuu na kumrusha mtu mkono. Taa nayo isigusishwe kwenye waya wa koili ndogo inayoamsha CDI. Kuna jaribio lisilohitaji kifaa chochote. Katika pikipiki ambazo cheche yake inatoka kwenye alteneta na siyo kwenye betri, kontakti haizimi injini kwa kukata umeme. Inazima kwa kuupeleka waya mmoja wa CDI kwenye masi, na kwa Honda na Yamaha nyingi waya huo ni mweusi wenye mstari mweupe. Waya huo ukichubuka mahali popote na kugusa fremu, injini huamini kwamba imezimwa. Uchomoe kwenye CDI, kisha piga teke. Cheche ikirudi, CDI yako ni nzima, bobini ni nzima, na kinachotafutwa ni mchubuko au kontakti iliyojaa maji. Injini itazimwa kwa kuingiza gia na kuachia klachi taratibu huku breki zimeshikwa. Kabla hujatuma mtu kwenye maduka ya vipuri ya Birere, jaribio hili lifanywe.

Pikipiki za volti 6

CG125 za mwanzo, zilizoanza kuuzwa mwaka 1976, zilikuwa na volti 6 na platini (swichi ndogo ndani ya injini inayokata umeme ili cheche itoke) badala ya CDI, na nyingine za umri huo zilifanana nazo. Kwa mwenye chombo cha namna hii uzito wa ulinganisho hubadilika. Balbu ya wati 25 huvuta ampea 2 kwa volti 12, lakini huvuta zaidi ya 4 kwa volti 6, na volti 0.5 inayopotea kwenye kiungo kibovu ni sehemu ya kumi na mbili ya umeme wote badala ya sehemu ya ishirini na nne. Kwa hiyo kipimo cha volti zinazopotea kwa multimeta kina thamani kubwa zaidi hapa. Balbu ya taa ya kupimia nayo lazima iwe ya volti 6, la sivyo itawaka hafifu kila mahali na kukutia wasiwasi bure.

Kuhusu ubora wa multimeta yenyewe, ile ndogo ya njano inayopatikana kila kona inatosha, mradi betri yake ya ndani iwe nzima. Betri hiyo ikichoka, vifaa vingi huanza kuonyesha volti nyingi kuliko zilizopo, na mtu hukimbilia kubadilisha regulata isiyo na kosa. Na kabla ya kupima ukinzani mdogo kama wa bobini, gusisha ncha mbili pamoja: kile kinachosomeka ni cha nyaya za multimeta yenyewe na kinapaswa kutolewa kwenye jibu.

Kuunga, kubadilisha sehemu, au kubadilisha zote

Ubovu ukishapatikana, swali la pili linakuja. Wauzaji husukuma fungu jipya, mafundi wa haraka husukuma skochi, na kila upande una hoja.

Kuunga waya mmoja ni jambo la busara pale ubovu ulipo mahali pamoja tu, na shaba iliyobaki ikiwa bado na rangi yake. Kipimo ni rahisi: chuna sentimita mbili za ganda mbali kidogo na mahali palipokatika. Shaba iking'aa rangi ya chungwa, unga hapo. Ikiwa nyeusi, kata nyuma zaidi, uchune tena. Ikiwa weusi unaendelea kwa urefu wa kiganja na zaidi, unyevu umepanda ndani ya waya kama mafuta kwenye utambi, na kiungo chochote utakachoweka hakitashika lehemu wala hakitadumu hadi mvua zijazo. Ganda likiwa gumu na kupasuka linapokunjwa, hilo nalo ni jibu.

Kubadilisha fungu lote kunaeleweka pale waya mkuu ulipoungua na kuyeyusha wenzake, au pale viungo vya skochi vilipokuwa vingi kiasi kwamba hakuna anayejua tena waya gani unakwenda wapi. Lakini fungu jipya lina matatizo yake ambayo mnunuzi hagundui dukani. La kwanza ni metali iliyomo. Nyaya nyingi za bei nafuu si shaba tupu. Ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe ndani, ni alumini. Inapitisha umeme kidogo kuliko shaba ya unene uleule, inakatika upesi kwa mtikisiko, na haishiki vizuri lehemu. Fungu la kiwandani la miaka ya nyuma, hata likiwa limechakaa, mara nyingi lina shaba bora kuliko jipya hilo.

La pili ni rangi, na hapa nawasihi wasomaji wasipite haraka. Kwa Honda, masi ni kijani, na mweusi ni waya wenye umeme baada ya kontakti kuwashwa. Kwa Yamaha, mweusi ndiyo masi, na wenye umeme baada ya kontakti ni kahawia. Kwa Suzuki, masi ni mweusi wenye mstari mweupe, na wenye umeme ni chungwa. Nyekundu ni chanya ya betri kwa wote watatu. Mafungu mengi ya badala yametengenezwa kwa kufuata mtindo wa CG125, na mtu akilifunga kwenye Yamaha kwa kuunganisha mweusi na mweusi, amepeleka chanya kwenye fremu. Fyuzi ikiwepo itaungua. Isipokuwepo, kontakti ndiyo itakayotoa moshi. Rangi za fungu lililokwisha kushonwa na mikono mingi nazo haziaminiki, kwa hiyo kila waya upimwe kabla ya kuungwa.

La tatu ni aina ya alteneta. Fungu la pikipiki yenye betri na regulata ya mfumo wa nyaya tatu halikubali alteneta ya waya mbili kwa sababu tu fishi zimelingana. Muuzaji anayesema “inaingia kwa zote” anazungumzia fishi, hazungumzii umeme.

Kwa hiyo njia ninayoiona bora kwa pikipiki nyingi za hapa ni ya katikati: kuacha sehemu ya nyuma ya fungu la kiwandani, ambayo haipindi na mara nyingi ni nzima, na kutengeneza upya sehemu ya mbele, kutoka chini ya tangi hadi kikombe cha taa. Nyaya za milimita mraba 0.75 zinatosha kwa taa kubwa na honi, 0.5 kwa indiketa, na 1.5 kwa waya mkuu kati ya betri, fyuzi na kontakti. Ziachiwe ulegevu wa kutosha shingoni ili usukani ukigeuzwa mpaka mwisho kusiwe na waya unaovutika, na zipitishwe ndani ya mrija wa plastiki ulio wazi upande wa chini ili maji yatoke. Kazi hii ni ndefu kuliko kufunga fungu la dukani, na fundi ana haki ya kudai malipo ya siku nzima. Bado huwa nafuu ukihesabu kwamba haitarudiwa.

Kiungo chenyewe

Kuzungusha nyaya mbili na kufunika kwa skochi kunakufikisha nyumbani, hakukufikishi mwezi ujao. Gundi ya skochi hulegea kwa joto la injini, vumbi hujikusanya humo, na maji hukaa. Kati ya lehemu na vibanio vya shaba vinavyobanwa kwa koleo, kila kimoja kina mahali pake. Lehemu hupitisha umeme vizuri na huziba unyevu, lakini hufanya waya uwe mgumu kama sindano pale inapoishia, na mtikisiko huukata hapohapo. Kwa hiyo kiungo cha lehemu kisiwekwe shingoni kamwe, na kifungwe kwenye fremu kwa ukanda ili kisicheze. Kibanio hustahimili mtikisiko vizuri zaidi, mradi kibanwe kwa koleo lake halisi. Kikibanwa kwa pilaizi ya kawaida au kwa meno, kama ninavyoona kila mara barabarani, kitachomoka. Vyote viwili vifunikwe kwa mrija mwembamba wa plastiki unaosinyaa kwa joto, na viungo vya nyaya zilizo jirani visipangwe mahali pamoja, vipishane kwa sentimita chache, ili hata kimoja kikifunuka kisiguse chenzake.

Ukiamua kununua fungu jipya baada ya yote haya, usimwachie fundi lile la zamani kama taka. Fishi za kiwandani zilizo juu yake, hasa ile ya alteneta na ile ya kontakti, kwa kawaida zina vidole vya shaba vinavyobana vizuri kuliko vile vipya, na zinaweza kukatwa zikiwa na waya wa kiganja kimoja na kuungwa kwenye fungu jipya. Na kama rangi zake hazijavurugwa, ndilo linaloonyesha kila waya ulikuwa ukienda wapi siku pikipiki ilipotoka kiwandani.